PAKA DUME WA NYUMBANI: AHASIWE AU AACHWE?



Wewe uliyepewa shamba katika skimu hukosi kujua habari ya kuhasi. Ng'ombe dume ukimtaka avute jembe, humhasi akawa maksai. Beberu ukimtaka anenepe na nyama yake isinuke, humhasi. Wafugaji wa Isiolo na kaskazini nao hawamtwiki mizigo ngamia dume mkali. Humhasi kwanza, ndipo akawa mtulivu safarini. Lakini ukiulizwa habari ya paka dume alalaye mlangoni pa ghala lako, labda utacheka na kusema, "Paka naye ahasiwe? Paka si ng'ombe!"

Ni kweli, paka si ng'ombe. Hata hivyo ni mtumishi wako. Mahindi uliyoyatolea jasho msimu mzima yako chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo yafaa ulifikiri shauri lake kwa makini, kama ulifikirivyo shauri la maksai.

Somo hili halikuamuru kuhasi, wala halikukatazi. Kazi yake ni kukuonyesha jinsi ya kulipima jambo. Neno moja tu ulishike tangu mwanzo: kuhasi huponya yale yatokanayo na udume wa paka, yasiyotokana na udume hakuyaponyi. Basi kabla ya kumpeleka kwa daktari, jiulize kwanza, "Je, nina malalamiko gani juu ya paka huyu?"

MFANO WA BULLA PESA

Tuseme shamba lako liko katika skimu ya kunyunyizia maji, na nyumba yako iko mtaa wa Bulla Pesa, katika mji wa Isiolo. Nyumba zimekaribiana, ua kwa ua. Mahindi yako umeyaweka katika chumba cha nyuma, gunia juu ya gunia. Shangazi alikupa paka mdogo, watoto wakamlea na kumwita Simba. Miezi ya kwanza kazi yake ilikuwa njema kabisa. Kila asubuhi ulikuta panya mlangoni, na magunia hayakutobolewa.

Alipopita miezi minane mambo yakageuka. Usiku haonekani. Hurudi siku ya tatu, sikio limechanika na shavu limevimba usaha. Mkojo wake, ambao zamani aliufukia mchangani kwa adabu, sasa anaurusha ukutani, mlangoni, hata juu ya magunia, nao unanuka vibaya sana. Mama jirani huuza maziwa ya ngamia. Juzi alikuta chombo chake cha maziwa, alichokwisha kukifukiza moshi vizuri, kimerushiwa mkojo. Usiku wake Simba na dume mwingine wakapigana juu ya mabati mpaka mtaa wote ukaamka. Kulipokucha jirani akatuma neno: "Mwambieni mwenye paka, nikimwona tena hapa nitamwekea sumu."

Hapo ndipo lilipo shauri. Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Simba akiuawa kwa sumu, umepoteza mlinzi, watoto wamelia, na sumu yenyewe imewekwa ndani ya ua wanamocheza. Akiendelea kurandaranda, panya watatawala vile vile, maana mlinzi asiyekaa lindoni si mlinzi. Ufanyeje?

KWA NINI PAKA DUME HURANDA

Korodani za paka hutengeneza mbegu, na pia hutia katika damu kitu kiitwacho homoni. Homoni hii ndiyo iamrishayo udume. Paka dume aghalabu hubaleghe kati ya miezi sita na kumi. Hapo mashavu yake hunenepa, ngozi ya shingo huwa nene, na mkojo wake hupata harufu kali. Huurusha mkojo huo huku na huku ili madume wengine wajue kwamba hapa pana mwenyewe. Paka jike akiwa na joto hulia na kutoa harufu, na dume hutoka kumtafuta hata kama ni mbali. Akikutana na dume mwingine, ni vita. Paka wa namna hii Waswahili humwita shume.

Basi ujue kwamba shume hana utovu wa adabu. Anatii amri iliyo ndani ya damu yake. Ukimpiga kwa sababu amerusha mkojo, hatajua kosa lake. Atakuogopa tu, na atakimbia nyumba zaidi.

Vita hivyo vina hatari. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Yakiingia katika ngozi huacha tundu dogo ambalo hufunga upesi kwa juu, na uchafu hubaki ndani ukawa jipu. Tena kwa kuumana paka huambukizana ugonjwa uitwao ukimwi wa paka, uliogunduliwa mwaka 1986 huko California, Marekani. Ugonjwa huu haumwambukizi binadamu, lakini hauna dawa ya kuuondoa katika paka.

Hatari kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa zaidi na mbwa, lakini paka aumwaye na mnyama mwenye kichaa hupata kichaa, naye huweza kumwuma mtoto. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Paka wako naye yumo katika kazi hiyo: ahasiwe asihasiwe, apate chanjo akiwa na miezi mitatu, kisha ifuatie kila mwaka kama daktari atakavyokuagiza. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje.

YAPONYWAYO KWA KUHASI

1. Kuranda. Paka aliyehasiwa hupunguza sana safari zake za usiku. Hukaa karibu na nyumba.

2. Kupigana. Vita hupungua, na majeraha na majipu hupungua pamoja navyo.

3. Kurusha mkojo. Katika paka dume kumi waliohasiwa, kama tisa huacha desturi hii au huipunguza sana. Harufu kali ya mkojo nayo hupungua.

Lakini usitazamie mabadiliko siku ya pili. Homoni iliyomo katika damu hupungua pole pole, na mwenendo wa paka huchukua siku kadhaa au majuma kadhaa kubadilika. Shume mzee aliyezoea kurusha mkojo miaka mingi huweza kuendelea hata baada ya kuhasiwa, kwa kuwa imekwisha kuwa mazoea. Kwa hiyo yafaa kumhasi paka angali kijana, aghalabu kati ya miezi minne na sita, kabla hajajifunza ushume.

YASIYOPONYWA KWA KUHASI

1. Uvivu wa kuwinda. Wako wasemao kwamba paka akihasiwa hakamati panya tena. Si kweli. Kuwinda hakutoki katika korodani. Paka huzaliwa na hamu ya kuwinda, na hujifunza zaidi kwa mamaye. Paka mwindaji ataendelea kuwinda, na kwa kuwa halali mitaa ya mbali, huwinda kwako. Paka ambaye hakuwa mwindaji hatakuwa mwindaji kwa kuhasiwa. Wala usimnyime chakula ukidhani njaa itamfanya hodari. Paka mwenye njaa huenda kuiba nyama ya jirani.

2. Wingi wa paka mtaani. Hapa watu wengi hukosea. Ukimhasi dume wako mmoja, majike wa Bulla Pesa watazalishwa na dume wa nyumba ya tatu, na watoto wa paka watakuwa wengi kama zamani. Jike hubeba mimba majuma tisa tu, na kwa mwaka huweza kuzaa mara mbili au tatu. Kama malalamiko yako ni watoto wa paka, basi jike ndiye wa kufungwa uzazi. Operesheni yake ni kubwa kuliko ya dume, kwa maana daktari hufungua tumbo, lakini ndiyo ipunguzayo paka.

3. Ugonjwa wa mkojo. Paka akichutama mara nyingi, akijikamua na kulia, na mkojo hautoki, huo si ushume. Njia ya mkojo imeziba, na paka dume huweza kufa kwa siku chache. Mpeleke kwa daktari upesi, awe amehasiwa au hakuhasiwa.

4. Madhara ya kinyesi. Kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha mbuzi na kondoo kutupa mimba, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Kwa hiyo funika majani makavu na chakula cha mifugo, na mwanamke mwenye mimba asishughulike na kinyesi cha paka.

5. Panya walio wengi mno. Paka peke yake hawezi kulilinda ghala bovu. Inua uchaga wako juu ya nguzo, zungushia kila nguzo bati ili panya wasipande, ziba matundu, na ufagie punje zilizomwagika. Ndipo kazi ya paka itakapoonekana.

HOJA ZA KUTOHASI

Haki ni kusikiliza pande mbili. Ziko hoja za kumwacha paka alivyo, nazo tuzipime moja moja.

Kwanza, paka aliyehasiwa hunenepa upesi. Hii ni kweli. Mwili wake huhitaji chakula kidogo kuliko zamani, na hamu yake ya kula huongezeka. Dawa yake ni kipimo: punguza chakula kama robo, na utazame mbavu zake. Ziguswe kwa vidole bila kubonyeza sana, lakini zisionekane kwa macho.

Pili, dawa ya usingizi ina hatari. Hii pia ni kweli, ila hatari hiyo ni ndogo kwa paka kijana mwenye afya aliyepimwa na daktari kwanza. Paka mgonjwa, aliyekonda au mzee sana, apimwe vizuri kabla ya kuamua.

Tatu, jambo hili halirudi nyuma. Kama paka wako ni hodari sana na unataka uzao wake, pata kwanza uzao huo, ukijua nani atawalea, ndipo umhasi.

Nne, iko hoja ya dini. Bulla Pesa ina Waislamu wengi, na wengi wao huuliza kama inajuzu. Wanazuoni wamehitilafiana. Wako wanaokataza kuhasi mnyama asiyeliwa, na wako wanaoruhusu ikiwa ipo faida au madhara ya kuondolewa, na mnyama hateswi. Bwana mifugo hana mamlaka ya kuamua jambo hili. Mwulize shehe wako, umweleze haja yako yote, pamoja na habari ya jirani na ile sumu, kisha ufuate utakachoridhika nacho. Wala asikucheke mtu kwa kuuliza.

Na iko hoja nyingine ambayo watu hawaifikiri, nayo inavuta upande wa kuhasi. Wale ambao mashamba yao yanapakana na pori, wajue kwamba paka wa nyumbani na paka pori wa Afrika ni ndugu. Paka wetu wametokana na paka pori huyo tangu zamani. Dume wa nyumbani aingiapo porini huweza kuzaa na paka pori, na kwa njia hiyo damu ya paka pori halisi inachanganyika na kupotea. Isiolo ina Buffalo Springs na Shaba, hifadhi za wanyama ambazo watu husafiri toka mbali kuja kuziona. Si vizuri shume wa ghala lako aharibu mali ya nchi.

UKIAMUA KUHASI, FANYA HIVI

1. Nenda kwa daktari wa wanyama aliyeandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama ya Kenya. Kama humjui, uliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti. Uliza bei mapema, na uulize kama chanjo ya kichaa yaweza kutolewa siku hiyo hiyo.

2. Usimhasi mwenyewe. Hapa twasema kwa nguvu. Lile koleo la kubana mishipa ya ng'ombe liitwalo Burdizzo si la paka, wala mpira wa kuwafunga wana-kondoo, wala wembe. Paka huhasiwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza ukatili kwa wanyama, na paka ni mnyama.

3. Usimpe paka mkubwa chakula usiku wa kuamkia operesheni, ila maji anywe. Akiwa bado mdogo, mwulize daktari saa za kumnyima chakula, maana mtoto wa paka hudhoofika upesi.

4. Mchukue katika kikapu chenye kifuniko au katika sanduku la karatasi ngumu lililotobolewa matundu ya hewa. Usimtie guniani, atatishika na kukosa hewa.

5. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Mwulize daktari kama ametoa korodani zote mbili. Mara chache moja hubaki imejificha tumboni, na paka huyo ataendelea na ushume wake.

6. Mkirudi nyumbani mlaze ndani, mahali pakavu na penye joto, mbali na watoto, jiko na mbwa. Jioni mpe chakula kidogo. Badala ya mchanga, mwekee karatasi zilizochanwachanwa, ili mchanga usiingie katika kidonda. (Gazeti hili pia lafaa, ukisha kulisoma!)

7. Tazama kidonda asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba hadi kumi. Kikivimba sana, kikitoa usaha au damu isiyokoma, au paka asipokula siku nzima, mrudishe kwa daktari.

8. Usimpe Panadol wala dawa nyingine ya watu. Panadol humwua paka. Wala usimpake dawa ya kupe ya ng'ombe, kwa maana hujilamba mwili mzima na kuila.

9. Kwa majuma machache baada ya operesheni bado aweza kuzalisha. Mzuie kwa majike muda huo.

UKIAMUA KUTOHASI

Hapo umechukua jukumu, nalo ulitimize. Mfungie ghalani kila jioni. Atafanya kazi yake ya panya na jirani atalala. Lakini mwekee maji na chakula. Kila aliyesoma chuoni anaijua habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka asimlishe, na mwisho wake. Mpe chanjo. Tibu majeraha yake mapema. Na akiharibu kitu cha jirani, lipa bila kubishana. Au kama shamba lako la skimu liko mbali na nyumba za watu, mhamishie huko penye ghala, mradi pana mtu wa kumlisha kila siku.

TURUDI BULLA PESA

Sasa mpime Simba. Malalamiko juu yake ni matatu: anaranda, anapigana, anarusha mkojo. Yote matatu yanatoka katika udume wake. Umri wake haujafika mwaka mmoja, na desturi mbaya haijakomaa. Uwindaji wake ni mzuri, nao hautapotea. Na upande wa pili pana sumu inayomngoja. Kwa paka wa namna hii, na kama dini yako inakuruhusu, shauri letu ni kwamba ahasiwe, tena upesi. Lakini laiti malalamiko yangekuwa kwamba hakamati panya, au kwamba mtaa umejaa watoto wa paka, tungekuambia usipoteze fedha zako. Tengeneza ghala, au umfunge jike uzazi.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa jirani leo hii. Usitume mtoto. Mwambie, "Mama, niwie radhi. Paka wangu amekuharibia. Nitalipa chombo chako, na juma hili nampeleka kwa daktari. Nakuomba univumilie majuma machache, na sumu usiiweke, kwa kuwa watoto wetu wanacheza pamoja." Mpelekee na gunzi chache za mahindi mabichi kutoka shambani, kama unazo. Paka hutibiwa na daktari, lakini ujirani hutibiwa na mwenyewe.

MASWALI YA KUJIJARIBU

Soma somo tena pamoja na watu wa nyumbani mwako, kisha mjibu bila kutazama:

1. Taja mambo matatu yapunguzwayo kwa kumhasi paka dume.
2. Je, paka aliyehasiwa huacha kukamata panya? Toa sababu.
3. Mtaa una watoto wa paka wengi mno. Ni nani wa kufanyiwa operesheni, na kwa nini?
4. Kwa nini haifai kumpa paka Panadol?
5. Paka wako mwenyewe ana kosa gani? Je, latokana na udume, au latokana na jambo lingine?

Swali la tano ndilo kubwa. Ukilijibu sawasawa, utakuwa umekwisha kuamua.